"Maji ya Kunywa Mnayapata Wapi?" Ugumu wa Swali Moja la Dodoso Mkoani Arusha

Katika madodoso ya kaya yanayotumika nchini kwetu limo swali ambalo mdadisi hulisoma kwa sauti ile ile anayosomea swali la paa na swali la choo: chanzo kikuu cha maji ya kunywa kwa wanakaya ni kipi? Mhojiwa hujibu, mdadisi hugusa jibu moja kwenye kishikwambi, na mahojiano husonga mbele kabla dakika moja haijaisha. Majibu hayo yakijumlishwa kutoka maelfu ya kaya, hupatikana asilimia tunazozisikia kwenye hotuba za bajeti na taarifa za habari, kwamba wananchi kiasi fulani wanapata maji safi na salama na kiasi fulani bado hawajafikiwa. Kwa kuwa asilimia hizo husaidia kuamua kisima kichimbwe wapi na bomba lipite wapi, inafaa tuelewe kwa makini jibu lile moja linabeba nini, na ni mambo gani ambayo haliwezi kuyabeba hata mdadisi awe hodari namna gani.

Naandika nikiwa Arusha, ambako swali hili lina ugumu wa pekee, kwa sababu Mlima Meru unaotupa maji ndio huo huo unaoyatia floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, na floraidi haionekani kwa macho wala haihisiwi kwenye ulimi. Dodoso la kawaida linauliza maji yameingia nyumbani kwa njia gani; haliulizi yana nini ndani yake. Kuna sehemu ambako mambo hayo mawili yanakaribiana kiasi kwamba la kwanza linaweza kusimama badala ya la pili bila kuleta hasara kubwa. Kwenye miteremko ya Meru hayakaribiani hata kidogo, na nadhani hapo ndipo ufafanuzi wote wa jambo hili unapoanzia.

Tuchukue kaya moja ya mfano, yenye mama, baba na watoto watatu, waliopanga vyumba viwili Muriet au Olasiti, kata za jijini Arusha. Uani kuna bomba la mwenye nyumba ambalo wapangaji wote hulitumia. Bomba hilo hutoa maji siku kadhaa za wiki, na siku nyingine koki ikifunguliwa hutoka hewa tu. Maji yakikatika, mama hununua madumu ya lita 20 kwa jirani mwenye simtanki, ambaye naye huenda amejaziwa na boza. Masika yakifika, ndoo hupangwa chini ya bati na maji ya mvua hutumika kwa kila kitu, kunywa kukiwemo. Mtoto mdogo akiwa na homa, baba hurudi jioni na chupa kubwa ya maji ya dukani. Sasa mdadisi anauliza chanzo kikuu cha maji ya kunywa, na anahitaji jibu moja.

Mama huyo akijibu "bomba", hajasema uongo. Akijibu "tunanunua kwa jirani", pia hajasema uongo. Maelekezo wanayopewa wadadisi wa tafiti za afya na idadi ya watu yanasema kwamba kaya ikiwa na vyanzo kadhaa, mdadisi aandike kile kinachotumika mara nyingi zaidi, na kwamba kama chanzo hubadilika kwa majira, aandike kile kinachotumika wakati wa mahojiano. Ni maelekezo ya busara, maana pasipo kanuni kila mdadisi angejitungia yake. Lakini matokeo yake ni kwamba mwezi wa kuhoji unakuwa sehemu ya jibu. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikusanya takwimu zake kati ya Februari na Julai, kipindi kinachobeba masika yote; Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka huo huo ilifanyika Agosti 23, wakati wa ukavu. Kaya yetu ya Muriet ingeweza kuonekana kwenye kazi ya kwanza kama kaya inayokunywa maji ya mvua na kwenye ya pili kama kaya inayonunua kwa jirani, na msomaji anayelinganisha majedwali hayo mawili angeweza kudhani kwamba ndani ya miezi minne kuna jambo kubwa limetokea kwenye huduma ya maji mkoani, ilhali kilichobadilika ni mawingu.

Linafuata tatizo la neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha kawaida, chanzo ni mahali ambapo kitu kinaanzia. Ukimuuliza mzee wa Kimeru chanzo cha maji yao, atanyoosha mkono kuelekea msituni, mahali chemchemi inapotokea, kwa sababu ndivyo anavyolijua neno hilo na ndivyo kamati ya maji ya kijiji inavyolitumia inapokataza watu kulima karibu na chanzo. Dodoso kwa neno hilo hilo linamaanisha mahali pa kuchotea: bomba la ndani, bomba la uani, kilula cha mtaa (yaani bomba la umma la kuchotea), kisima, mto. Mzee akisema "chemchemi" na mdadisi akaandika chemchemi, kaya yenye bomba mlangoni inahesabiwa miongoni mwa zile zinazochota kwenye jicho la maji. Kosa hilo si la mzee, wala kwa haki kabisa si la mdadisi. Ndiyo maana napenda zaidi madodoso yanayouliza "maji mnayokunywa mnayachota wapi?" kuliko yale yanayouliza "chanzo ni kipi?", hata kama neno la pili lina sura ya kitaalamu zaidi.

Tofauti hiyo kati ya mahali pa kuchotea na mahali maji yanapoanzia si ya maneno peke yake. Mji wa Longido hupata maji yaliyotolewa Mto Simba wilayani Siha, mkoa wa Kilimanjaro, yakasafirishwa kwa bomba kuvuka nyika. Mkazi wa Longido anayejibu kwamba anachota kwenye kilula amejibu sawasawa, lakini jibu lake halisemi lolote kuhusu maji hayo yametoka upande wa Meru au upande wa Kilimanjaro, jambo ambalo kwa meno na mifupa ya watoto wake lina uzito kuliko umbo la kilula. Kwa dodoso, kilula ni kilula.

Mantiki ya mpangilio huu ina historia yake. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walianzisha mwaka 1990 mpango wa pamoja wa kufuatilia huduma za maji na usafi wa mazingira duniani, na kwa sababu haikuwezekana wakati huo kupima maji ya kila kaya katika kila nchi, walichagua kuuliza aina ya miundombinu. Kisima kilichofunikwa, chemchemi iliyojengewa, bomba na maji ya mvua vikaitwa vyanzo vilivyoboreshwa. Kisima cha wazi, chemchemi isiyojengewa, mto na lambo vikabaki upande wa pili. Wazo lilikuwa kwamba ujenzi wa chanzo hukinga maji dhidi ya uchafu wa nje, hasa kinyesi, na kwamba ukijua ujenzi unaweza kukisia usalama. Hadi mwaka 2015, Malengo ya Milenia yalipofikia ukomo, nchi zilipimwa kwa kigezo hicho.

Malengo ya Maendeleo Endelevu yalipokuja, ngazi zikaongezwa. Kaya inayotumia chanzo kilichoboreshwa na kutumia dakika zisizozidi 30 kwenda, kupanga foleni, kuchota na kurudi huhesabiwa kuwa na huduma ya msingi. Ikizidisha muda huo, huduma yake huitwa finyu. Ngazi ya juu kabisa ni ile ya maji yanayosimamiwa kwa usalama, nayo ina masharti matatu: yapatikane ndani ya eneo la nyumba, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na vimelea vya kinyesi wala kemikali zinazopewa kipaumbele. Kemikali hizo zilizotajwa kwa jina ni mbili tu, aseniki na floraidi. Kwa hiyo kimataifa hakuna tena ubishi kwamba floraidi ni sehemu ya tafsiri ya maji salama. Ubishi uliobaki ni wa vitendo: nani anaipima, wapi, na matokeo yanaunganishwaje na kaya iliyohojiwa.

Maji ya chupa yanaonyesha jinsi kanuni za kuhesabu zinavyoweza kubadili sura ya mji bila kitu chochote kubadilika mtaani. Zamani, kaya iliyokunywa maji ya chupa ilihesabiwa kuwa na chanzo kilichoboreshwa endapo tu maji yake ya kupikia na kunawia yalitoka kwenye chanzo kilichoboreshwa. Maji ya boza na ya mkokoteni yaliwekwa moja kwa moja kwenye kundi la vyanzo duni. Katika mpangilio wa sasa, maji yaliyofungashwa na maji yanayoletwa kwa boza au mkokoteni yanaweza kuhesabiwa kama yaliyoboreshwa. Kwa jiji kama Arusha, lenye wakazi 617,631 kwa hesabu ya Sensa ya 2022, ambako familia zenye uwezo hununua chupa kubwa za maji ya kunywa na za kipato cha chini hununua madumu, mabadiliko hayo ya kanuni pekee yanatosha kupandisha asilimia. Anayelinganisha takwimu za miaka ya 2000 na za leo hana budi kuangalia kwanza kama zimehesabiwa kwa kanuni moja.

Nirudi kwenye zile dakika 30, maana zina tatizo lake ambalo kwa Kiswahili linaonekana wazi kuliko katika lugha nyingi. Mhojiwa akiulizwa inachukua muda gani kwenda kuchota maji na kurudi, ni nadra kusema dakika 24 au dakika 37. Husema "robo saa", "nusu saa", "saa nzima", au husema "ni hapo tu". Majibu hurundikana kwenye namba hizo za mviringo, na bahati mbaya mpaka kati ya huduma ya msingi na huduma finyu umewekwa juu kabisa ya rundo moja. Mama anayetumia dakika 40 akasema "kama nusu saa hivi" anahesabiwa kuwa na huduma ya msingi, kwa kuwa nusu saa bado haijazidi dakika 30. Kipimo kizuri zaidi, ambacho mdadisi mwenye subira anaweza kukitumia, ni kumwomba mhojiwa aeleze safari ya jana: alitoka saa ngapi, alikuta madumu mangapi kwenye foleni, alirudi watoto wakiwa wamekwenda shule au bado. Hesabu hufanywa baadaye.

Na huyo mhojiwa ni nani? Wadadisi huelekezwa kumtafuta mkuu wa kaya au mtu mzima anayeweza kusema kwa niaba ya kaya. Mara nyingi huyo ni baba, na baba wengi hawajabeba dumu tangu walipooa. Nimekaa kwenye mahojiano ambayo mwenye nyumba alijibu kwa uhakika kabisa kwamba maji yako karibu, huku binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyesimama nyuma ya mlango, akitikisa kichwa. Mdadisi aliyekuwa na adabu na akili alimaliza swali lile, kisha akasema, "Shikamoo mama, na wewe nikusumbue kidogo kuhusu haya maji," akamgeukia mama aliyekuwa jikoni, na jibu likabadilika kutoka dakika kumi hadi zaidi ya saa. Dodoso halikuwa limemlazimisha kufanya hivyo. Laiti lingemlazimisha.

Kuna chanzo cha pili cha takwimu, nacho kinachanganya watu wengi kwa sababu namba zake hazifanani na za tafiti za kaya. Mamlaka za maji na wakala wa maji vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 2019 chini ya sheria ya mwaka huo, huhesabu huduma kutoka upande wa miundombinu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, kisizidi mita 400 kutoka kwenye makazi, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Kipimo cha mita 400 ni cha zamani zaidi. Kilikuwamo tayari kwenye mpango wa miaka ishirini uliozinduliwa mwaka 1971, uliolenga kila mwananchi wa kijijini apate maji karibu ifikapo 1991. Kwa kipimo hicho, kijiji chenye vilula vinne kinaweza kuandikwa kwamba watu 1,000 wamehudumiwa. Hesabu hiyo ina manufaa kwa mhandisi anayepanga bajeti. Hata hivyo haimwoni mtu anayekipita kilula kwa sababu maji yake ni ya magadi, wala haimwoni mpangaji ambaye bomba lipo uani kwake lakini mwenye nyumba amelifunga kwa kufuli hadi saa kumi na mbili jioni. Tafiti za kaya zinawaona watu hao, ingawa kwa ukungu. Kwa hiyo mtu akisikia mkoa una asilimia fulani kwa mujibu wa mamlaka na asilimia nyingine kwa mujibu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, asikimbilie kusema kwamba upande mmoja umedanganya. Upande mmoja umehesabu mabomba na mwingine umehesabu majibu.

Sasa floraidi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha makala hii.

Mlima Meru na miamba yote inayouzunguka ni kazi ya volkeno, na miamba ya volkeno ya ukanda huu wa Bonde la Ufa ina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyeyusha floraidi kutoka kwenye miamba na majivu ya zamani. Kama maji hayo yangekuwa na kalsiamu ya kutosha, sehemu kubwa ya floraidi ingegandana nayo na kubaki chini. Kwa kuwa kalsiamu ni haba, floraidi husafiri na maji hadi kisimani, chemchemini na mtoni. Maji yanavyokaa muda mrefu zaidi kwenye miamba hiyo, ndivyo yanavyoweza kubeba zaidi. Hali hutofautiana mno ndani ya umbali mfupi, kiasi kwamba chemchemi moja inaweza kuwa na maji mazuri na kisima kilicho jirani kikawa na maji yasiyofaa. Mto Ngarenanyuki unajulikana kwa floraidi nyingi, vivyo hivyo maji ya eneo la Maji ya Chai, na maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Arusha hufikia mamia ya miligramu kwa lita, ingawa hayo hakuna anayeyanywa. Jina la Maji ya Chai limetokana na rangi ya maji, na wengi huamini kwamba rangi hiyo ndiyo floraidi. Sivyo, floraidi haina rangi, na maji meupe kabisa ya kisima kirefu yanaweza kuwa nayo kwa wingi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kidogo cha floraidi hulinda meno. Ikizidi wakati meno ya kudumu ya mtoto yanajengeka, yaani katika miaka minane ya mwanzo, meno hutoka na madoa meupe, kisha ya kahawia, na mengine hutoka yakiwa na vishimo. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia kwenye mifupa: viungo hukakamaa, mgongo huuma, na katika vijiji kadhaa vya Meru wamekuwapo watoto wenye miguu iliyopinda. Watu wa mikoa mingine humtambua mtu wa huku kwa meno yake, na nimewaona vijana wakifunika midomo kwa mkono wanapocheka. Kwa vijana hao, suala la usahihi wa dodoso si la wataalamu peke yao.

Tanzania yenyewe imepitia viwango vitatu. Mwaka 1974 kiwango cha muda kwa maji ya vijijini kilikuwa miligramu 8 kwa lita, kwa kuwa nchi ilihofia kwamba kuvifunga visima vyote vilivyozidi 1.5 kungewaacha watu bila maji kabisa. Baadaye kikashushwa hadi 4, na viwango vya mwaka 2018 vikafika 1.5. Hofu ile ya mwaka 1974 naielewa na siidharau. Kukosa maji huua haraka kuliko floraidi. Lakini anayesoma takwimu inambidi ajue kwamba kisima chenye miligramu 3 kilikuwa kinakidhi viwango vya taifa mwaka 2010 na hakikidhi leo, na katika miaka yote hiyo dodoso la kaya limekiandika kwa jina lile lile: kisima kilichoboreshwa.

Madodoso mengi huendelea na swali jingine: je, kuna lolote mnalofanya kuyafanya maji yawe salama zaidi kabla ya kunywa? Majibu yanayokubalika ni kuchemsha, kutia dawa ya klorini, kuchuja na mengineyo. Kaya inayochemsha hupata alama nzuri, na inastahili kwa upande wa kipindupindu na kuhara. Kwa upande wa floraidi, kuchemsha hakuondoi hata chembe. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi kwa kila lita. Klorini nayo haiigusi. Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto linalodhibitiwa, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto chini ya Wizara ya Maji kimeifanyia kazi kwa miaka mingi, au shabu na chokaa kwa utaratibu uliotoka Nalgonda nchini India, au machujio ya kisasa zaidi kama lile la Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, aliyeshinda kwalo mwaka 2015 tuzo ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Ila mkaa wa mifupa huchoka. Ukishashiba floraidi, huyapitisha maji kama yalivyoingia, na mwenye chujio hana namna ya kujua kwa kuonja. Kwa hiyo mdadisi wa Arusha angepaswa kuuliza chujio ni la aina gani na mkaa wake ulibadilishwa lini. Neno "tunachuja" peke yake halitoshi.

Kuna na magadi. Katika nyumba nyingi za huku, maharage na makande hupikwa kwa magadi ili yaive upesi, na magadi hayo yanaweza kubeba floraidi nyingi kuliko maji yaliyomo sufuriani. Watafiti wameshawahi kuona meno yenye madoa katika maeneo ambayo maji yake ni mazuri, na magadi yakatajwa kuwa sababu mojawapo. Swali la maji ya kunywa haliwezi kuyakamata, kwa kuwa hayaingii kinywani kama maji. Sipendekezi dodoso la maji ligeuke kuwa dodoso la mapishi, lakini swali moja la ziada kuhusu magadi lingegharimu sekunde chache tu.

Hatua iliyofikiwa na tafiti bora za siku hizi ni kuomba maji yenyewe. Katika tafiti za UNICEF za viashiria vya kaya, mdadisi humwambia mhojiwa amletee glasi ya maji kama yale ambayo wanakaya hunywa, huchukua mililita 100, huyapitisha kwenye kichujio na kuyaweka kwenye joto maalumu hadi kesho yake ili kuona kama bakteria wa E. coli wataota. Kisha huenda mahali maji yalipochotwa na kurudia kipimo hicho. Matokeo ya vipimo hivyo viwili yakilinganishwa, mara nyingi huonekana kwamba maji yaliyotoka bombani yakiwa salama yamechafuka njiani, kwenye dumu, kwenye ndoo isiyofunikwa au kwenye kikombe cha kuchotea.

Floraidi ina tabia tofauti, na tofauti hiyo ingeweza kuturahisishia kazi kama tungeitumia. Haiongezeki kwa sababu dumu ni chafu wala haipungui kwa sababu ndoo imefunikwa. Kwa kiasi kikubwa hufuata kisima au chemchemi yalikotoka maji. Hivyo si lazima kupima glasi ya kila kaya. Dodoso likiandika jina la kisima, chemchemi au mradi unaoleta maji, na vyanzo hivyo vikapimwa masika na kiangazi, matokeo yanaweza kuunganishwa na kaya zote zinazovitumia. Kasoro ya njia hii hujitokeza mjini, ambako maji ya visima na chemchemi mbalimbali huchanganywa ndani ya mtandao mmoja wa mabomba, pengine kwa makusudi, ili maji yenye floraidi kidogo yashushe kiwango cha yale yenye nyingi. Huko inabidi kupima kwenye koki za mitaa, tena zaidi ya mara moja, kwa kuwa mchanganyiko hubadilika kila pampu moja inapozimwa. Mradi mkubwa wa maji wa jiji uliogharimu shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na fedha za serikali, ulilenga kuinua uzalishaji kutoka takriban lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku. Ongezeko la ukubwa huo hubadilisha mchanganyiko wa maji kwenye mabomba, na vipimo vya kabla yake havina budi kurudiwa.

Kama ningepewa nafasi ya kupanga maswali kwa ajili ya mkoa huu, ningeondoa kwanza lile sharti la jibu moja. Ningemuuliza mama maji waliyokunywa jana yalichotwa wapi, kisha bomba likikatika wanachota wapi, kisha masika wanakunywa yapi. Ningemuuliza maji ya kukorogea uji wa mtoto ni yale yale au ni mengine, kwa kuwa mtoto ndiye anayejengeka meno, na kaya inaweza kuwa na maji mawili ndani ya nyumba moja. Ningeandika jina la kisima au mradi. Kuhusu muda, ningemwachia anayechota aeleze mwenyewe, hata awe ni mtoto aliyesimama nyuma ya mlango.

Tena ningerudi. Mdadisi anayeondoka na maji ya mtu ameondoka na habari inayomhusu mtu huyo, na habari hiyo haipaswi kuishia kwenye jedwali la kurasa za mwisho za ripoti. Mama wa Muriet aliyetoa glasi yake anastahili kuambiwa, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba maji ya bomba la uani yamepimwa na kuonekana yana kiasi gani. Kwamba kuyachemsha aendelee nako kwa ajili ya tumbo lakini asikutegemee kwa ajili ya meno. Na kwamba maji ya mvua anayokinga masika, ambayo huenda ameyaona kuwa ya dharura tu, kwa upande wa floraidi ndiyo bora kuliko yote aliyonayo, hivyo akipata pipa lenye mfuniko ayaweke kando na kuyachemsha kwa ajili ya uji wa mtoto.